Mtaala wa historia na sayansi kwa watoto wakubwa wanaosomea nyumbani: msinunue sanduku kabla hamjasoma hapa

MamaWawili_Chake

Assalaam aleikum jamani. Kila wiki kuna mtu ananiingilia inboksi na swali lile lile: "Bi, wewe unasomesha nyumbani, historia na sayansi umenunua mtaala gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, mwenye lake aongeze.

Kwanza mjue hali yangu, maana nyumba hazifanani. Niko Pemba, nje kidogo ya mji wa Chake. Nina wawili, binti wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa miaka 12. Binti ana selimundu. Kuna mwaka alikuwa akienda skuli wiki mbili, kitandani wiki moja, na kila akirudi darasa limeshampita. Tukakaa na mwalimu mkuu, tukapeleka barua ya hospitali, tukakubaliana asome nyumbani na jina libaki skuli. Mdogo akafuata baadaye kwa sababu zake, hizo si za leo. Na nasema mapema: anzieni afisi ya elimu ya wilaya. Sheria yetu inataka mtoto awe skuli, usije ukamtoa kimya kimya halafu sheha akabisha hodi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa sanduku, yaani mtaala mzima uliofungwa tayari wa kununua. Wifi yangu yuko Marekani. Huko kusomesha nyumbani kunaruhusiwa majimbo yote 50, na mitaala inauzwa kama huku khanga, kila msimu na toleo lake. Akanitumia seti nzima: historia ya dunia ya miaka 4, kuanzia ya kale mpaka ya leo, na sayansi yake pembeni. Vitabu vizuri, karatasi inang'ara, ushuru wake nisiutaje. Tukaanza Misri, tukaenda Ugiriki, tukafika Rumi tukakaa miezi minne. Pwani yetu yote, Lamu mpaka Kilwa, ilipewa ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu ni picha ya jahazi. Kijana akaniuliza, "Mama, wakati Warumi wanafanya yote haya, huku Pemba kulikuwa na nani?" Nikakosa la kusema, na mimi nimezaliwa hapa hapa.

Sayansi nayo ilitutaka wiki ya pili tukaokote majani yaliyogeuka rangi kabla ya baridi. Huku miezi hiyo ni vuli, mvua inapiga na kila kitu kinachipua! Tukaokota majani ya mwembe yaliyooza, tukacheka, tukafunga sanduku.

Nikajiuliza watamalizia wapi. Binti atafanya mtihani wa fomu foo kama mtahiniwa wa kujitegemea, basi. Nikachukua muhtasari wa historia, wa baiolojia, kemia na fizikia, nikautoa fotokopi, nikaubandika ukuta wa jikoni. Mada ikiisha inapigwa mstari. Huo ndio mtaala wangu, na vitabu ni vya skuli vile vile, vya kuazima na vya kununua. Nilichobadilisha ni namna ya kuingia kwenye mada.

Sayansi kwangu lazima ipite mikononi kwanza, daftarini baadaye. Asidi na besi tulisoma kwa manjano. Nani hapa hajafua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi, akaona doa la manjano likikutana na sabuni linakuwa jekundu? Tulichovya vipande vya karatasi kwenye maji ya manjano, tukavianika kwenye kamba ya nguo, tukawa na karatasi zetu za kupimia. Maji ya sabuni, nyekundu. Chokaa, nyekundu. Magadi, nyekundu. Kamulia limau, njano inarudi. Binti alipofika ukurasa wa viashiria kitabuni, kile Kiingereza hakikumtisha, maana kitu anakijua, jina tu ndilo geni. Wengi wa watoto wetu hawaangushwi na kemia, wanaangushwa na lugha ya kemia.

Kijana nilimpa bahari. Tulikwenda Wesha, akasimika mti kwenye tope, akautia alama kila sentimita 10 kwa rangi yangu ya kucha. Siku ya tatu mti haupo. Kuna mvuvi aliuona unafaa kuwa upondo. Akasimika wa pili, akawaomba wazee wa pale wamlindie, na kwa wiki mbili akawa anaandika saa ya maji kujaa. Siku moja akaja mwenyewe: "Mama, kila siku yanachelewa kama dakika 50." Wazee wakamcheka, wao bamvua na maji mafu wanayahesabu kwa mwezi tangu utotoni. Lakini alipowauliza kwa nini, kila mmoja akamwangalia mwenzake. Tukarudi nyumbani na chungwa la jua na ndimu ya mwezi. Vikikaa mstari mmoja, mwezi mwandamo au mpevu, mvuto unajumlika na maji yanapanda na kushuka kupita kiasi. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake, ndiyo maji mafu. Mada nzima ya mvutano ikapigwa mstari kwa mti mmoja na nusu.

Na jenetiki sikuifuata mbali. Mimi na baba yao sote tumebeba kinasaba cha selimundu kimoja kimoja bila kuumwa. Kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo. Mdogo alikuwa akidhani dada yake kishaichukua ile robo, yeye kasalimika kwa hesabu. Dada mtu akashona mifuko miwili, mmoja mama mmoja baba, kila mmoja akautia vifungo viwili, cheusi na cheupe. Chota kimoja huku, kimoja huku, andika, rudisha. Mara 40. Vyeusi viwili vilitoka mara 7, na kitabu kinasema 10. Kijana akasema kitabu kimekosea. Wakachota 40 nyengine, vikatoka mara 12. Akaduwaa. Akaelewa kwamba mfuko haukumbuki ulichotoa jana.

Usiku ule binti akaniuliza: kama ni kibaya hivi, kwa nini hakikupotea duniani? Tukasoma pamoja. Anayebeba kimoja tu hukingwa na malaria kali, ndiyo maana kimeenea kule malaria ilikokaa karne na karne. Akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo nyinyi mmekingwa, bili nikaletewa mimi." Sikuwa na jibu la mtaala kwa hilo.

Nimeandika sana. Ulizeni.

---

Kijana_wa_Fuoni

Bi, mashaallah. Ila historia umeiruka. Mimi nina watatu, 11, 13 na 16. Ina maana nisomeshe historia tatu na sayansi tatu? Nitafungua skuli kabisa.

---

MamaWawili_Chake

Kaka, historia moja inawatosha wote watatu. Tukio lile lile, kazi tofauti. Wa 11 anasimulia kwa mdomo na kuchora ramani, wa 13 anaandika ukurasa, wa 16 analinganisha vyanzo na kuandika insha ya mtihani. Mezani mnazungumza jambo moja, na hapo mdogo anasikia mengi kuliko umri wake.

Sayansi ni mbali. Mpaka miaka 13 hivi wachanganye. Akishaingia hesabu za kanuni, mole, mwendo na kani, mtenganishe, maana asiyekuwa na hesabu atakaa anatazama tu. Nilijaribu kuwaweka pamoja kwenye fizikia. Mmoja alilia, mwengine alilala.

Njia yangu ya historia ni vyanzo viwili kwa tukio moja. Tulianza na vita vya 1896. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia kasri kujitwalia usultani, Waingereza wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, kasri ikabomoka, jahazi la Sultan, Glasgow, likazamishwa pale pale bandarini, na Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Kila mtu anajua ni vita vifupi kuliko vyote. Sasa waulize wanao: vifupi kiasi gani? Kitabu kimoja kinasema dakika 38, chengine 40, chengine 45. Wangu waligombana siku nzima, mmoja anahesabu tangu mzinga wa kwanza, mwengine tangu muda ulipokwisha, na mwisho wa vita nao ni upi, bendera iliposhuka au risasi ya mwisho? Binti akasema, "Kwa hiyo wote wanaweza kuwa wakweli." Nikampikia visheti.

Halafu nikawauliza: upande wa kasri waliokufa au kujeruhiwa walikuwa kama 500. Kwa nini kila kitabu kinakumbuka dakika, na hakuna kinachotaja jina la hata mmoja wao? Hapo hawakugombana.

---

Historia_Ni_Moja

Dada mimi sikubaliani na wewe. Mtoto anataka kitabu kimoja kilichopitishwa na serikali, ajibu mtihani, afaulu. Haya ya "vyanzo viwili" Agosti 1896 sawa, wote wamekufa. Mkifika Januari 1964 mtafanya nini? Mtawatia watoto fitina.

---

MamaWawili_Chake

Nilijua tutafika. Sikukuficha, ni sura niliyoiogopa mwaka mzima.

Tarehe zinafundishika bila tatizo: uhuru 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Na mtihani unataka sababu na matokeo kama zilivyo kitabuni, wanangu wanazijua hizo kwa moyo. Lakini kaka yangu, watoto wa Zanzibar hawaanzi 1964 na kitabu. Wanaanza barazani. Nyumbani kwetu bibi mmoja analia akiisikia siku hiyo, na bibi wa upande wa pili anasema ndiyo siku aliyoanza kuitwa mtu. Wote wawili wako hai, wote wanawapenda watoto hawa, na wanakula sahani moja Idi. Mtoto wa miaka 15 ameshasikia yote mawili, anataka kujua tu kama anaruhusiwa kuyafikiria.

Nilimpa daftari akawahoji wote wawili, maswali yale yale kumi. Uliishi wapi? Nani alikuletea habari? Mlikula nini siku ile? Hakuandika nani yuko sahihi. Aliandika yapi yanakubaliana, yapi yanapingana, na yapi mtu mmoja hawezi kuyajua kutoka pale alipokuwa amesimama. Karatasi hiyo iko kabatini na haitoki nje. Fitina sijaiona. Nilichokiona ni bibi mmoja kuuliza, "Na mwenzangu alisemaje?"

---

Maalim_Mstaafu

Wanangu, nimesomesha historia miaka mingi Unguja na Pemba, naomba niingie kidogo.

Bi MamaWawili, lile swali la kijana kuhusu Warumi lina jibu. Karne ya 1, wakati wa Warumi hao hao, kuna mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari yetu. Anataja kisiwa akikiita Menuthias, anasema wenyeji wana mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na wanavua kwa madema, na kasa wanawakamata. Wataalamu wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mwambie kijana achukue upande na autetee. Madema si ameyaona? Kama mtego uliotajwa miaka 1,900 na zaidi iliyopita bado unatengwa mbele ya nyumba yake, hicho nacho ni chanzo.

La pili, mpeleke Pujini, si mbali na nyinyi. Pale kuna magofu ya ngome ya karne ya 15, na simulizi za Mkama Ndume, mtawala wa pale. Watu husema aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kuna kisima kilichogawanywa kwa ukuta, na husema ni kwa ajili ya wake zake wawili wasionane. Kazi ya mwanafunzi ni kugawa karatasi pande mbili: ninachokiona kwa macho, na ninachosimuliwa. Ukuta wa kisima anauona. Wivu wa wake hauoni. Hapo mnakuwa mmeshafundisha akiolojia bila kulitaja neno.

La tatu, msikitenge kitabu cha historia na cha sayansi kama ndugu waliogombana urithi. Tufani ya Aprili 1872 iling'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu mpya unachukua miaka kama 6 hadi 8 kuanza kuzaa. Mpe mtoto mambo hayo mawili tu, upepo na umri wa mti, akueleze kwa nini karafuu ikawa ya Wapemba. Na mwaka uliofuata, 1873, Sultan Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Muulize mashamba yangepandwa upya na nani.

Mwenye kufika mjini asiache kupita jengo la Nyaraka, Kilimani. Mtoto akishika barua ya zamani iliyoandikwa kwa mkono hawezi tena kudhani historia ilizaliwa imechapwa.

---

Mpanda_Daladala_502

Nimekuja kutafuta bei ya boflo nimetoka na insha. Maalim nisomeshe na mimi.

---

Ummu_Salim_Paje

Nami nasomesha nyumbani ila tumechagua mtihani wa Cambridge, kwa kuwa mume anahamishwa hamishwa. Faida kwa sisi tusio na maabara: baiolojia, kemia na fizikia zina karatasi ya maandishi badala ya kufanya vitendo maabara, karatasi namba 6. Mtoto anaulizwa kuhusu majaribio bila kuyafanya. Na historia yao ina karatasi nzima ya vyanzo, kwa hiyo njia ya Bi MamaWawili inalipa huko moja kwa moja. Hasara: lazima upate kituo kinachopokea watahiniwa wa nje, ada inauma, na historia yenyewe imejaa karne ya 20 ya Ulaya. Zanzibar utaipandikiza mwenyewe.

Wanaobaki na mtihani wetu wa fomu foo msisahau: asiyepita mtihani wa fomu tuu anatakiwa kwanza Mtihani wa Maarifa. Kuna jirani alikuja kugundua mwaka wa kusajili.

Na kwa baiolojia, visiwa vyetu viwili vyenyewe ni mada. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Bahari iliposhuka zama za barafu, Unguja ilikuwa imeshikana na bara, na pango la Kuumbi kule Jambiani limetoa mifupa ya punda milia na nyati. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, Pemba imekaa peke yake muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mna aina nne za ndege wasiopatikana kwengine popote, na popo wenu wakubwa wa Ngezi na Kidike. Mwanangu alisema, "Kwa hiyo punda milia alikuja Unguja kwa miguu." Mada ya mageuzi ikaanzia hapo.

Swali langu kwa Bi: kutenganisha michanganyiko umefanyaje bila vifaa? Mimi nimekwama kwenye ukenekaji, ile ya kuchemsha kitu na kuupoza mvuke wake.

---

MamaWawili_Chake

Maalim, kijana ameshachagua Pemba, na anasema Mafia waje wajitetee.

Ummu Salim, ukenekaji ni wetu kabisa sisi wa huku. Kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kiko Wawi, mtoto wa Chake anakua na harufu hiyo puani. Nyumbani tulifanya hivi. Sufuria kubwa, makonyo makavu na maji chini, katikati bakuli dogo limekaa juu ya jiwe safi. Mfuniko umegeuzwa chini juu, juu yake barafu. Moto mdogo. Mvuke unapanda, unagusa mfuniko wa baridi, unadondokea bakulini. Saa moja na nusu, na mtu mzima hatoki jikoni. Sisi mara ya kwanza maji yaliisha, makonyo yakaungua, na baba mtu akala wali wenye harufu ya dawa ya meno siku tatu.

Mara ya pili tulimimina cha bakulini kwenye gilasi nyembamba. Kijana akainama kutafuta mafuta juu ya maji, maana mafuta huelea. Juu hamna kitu. Dada yake akaigeuza gilasi kwenye mwanga wa dirisha, na chini kabisa kulikuwa na matone ya rangi ya chai, yamekaa kitako. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Ubishi ule ulizaa mada ya msongamano, na nyengine ngumu zaidi: kitu kinachochemka zaidi ya digrii 250 kimepandaje na mvuke wa 100? Hilo liko juu ya muhtasari wa fomu foo. Tulilisoma hivyo hivyo.

---

Kijana_wa_Fuoni

Nimeelewa. Nafunga oda ya sanduku. Nilikuwa nimeshalipa nusu, lakini hayo ni yangu na mke wangu.

Nataka kuwaleta watoto baharini bamvua hii. Saa ngapi nzuri?

---

MamaWawili_Chake

Subirini mwezi uandame, siku moja au mbili baadaye. Maji yanakauka sana asubuhi, saa nne mpaka saa tano. Vaeni viatu, miamba inakata. Wakikuta mikoko, waonje jani la mchu kwa ulimi, chumvi iko juu ya jani, mti unaitema. Wasiambiwe kabla.

---

Mwana_wa_Wesha

Samahani kuingilia. Nimemsomea mjomba wangu uzi huu. Ule mti wenye alama za rangi ya kucha anao yeye. Anasema alidhani umetupwa, na sasa anaupenda kwa sababu akiuchomeka majini anajua kina kwa kuhesabu mistari. Anauliza aurudishe au?

---

MamaWawili_Chake

Abaki nao. Ila kijana anasema aandike na saa.